Difrosta ya Pikapu na Kioo cha Nyuma Kinachopasuka Chenyewe

Kila majira ya baridi yanapokaribia, wasomaji wanaoishi Minnesota, Ohio, Ontario na Alberta, ambako pikapu ni gari la kazi na la familia kwa wakati mmoja, huuliza swali lile lile: inakuwaje kioo cha nyuma kilicholala kizima kikutwe asubuhi kimemwagika punje punje kwenye viti, ilhali hakuna jiwe lililorushwa wala mwizi aliyepita? Wengine huuliza juu ya difrosta, yaani mistari myembamba ya rangi ya kahawia iliyochapwa juu ya kioo ili umeme upite ndani yake, ukipashe joto na kuondoa ukungu na barafu. Hao hulalamika kwamba difrosta husafisha nusu ya kioo tu, au haisafishi kabisa, na hutaka kujua kama kuna ubaya kuendelea kuiwasha. Maswali hayo mawili yanakaribiana kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa difrosta yenye kiungo kibovu ni mojawapo ya njia ambazo kioo kizima huvunjwa bila kuguswa na mtu.

Ushauri unaofuata unahusu hasa pikapu zenye dirisha la nyuma la kuteleza, lililoundwa kwa vipande vitatu ambapo cha katikati hufunguka kwa mkono au kwa mota, kwa sababu dirisha la aina hiyo lina viungo vingi vya umeme na kingo nyingi zaidi kuliko kioo cha kipande kimoja.

Kwanza, kioo chenyewe

Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizogandamana na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa na jiwe hupata ufa na kubaki mahali pake. Kioo cha nyuma cha pikapu kwa kawaida ni kioo kilichokazwa kwa moto: hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa ghafla, nyuso zake zikabana na kiini chake kikabaki kimevutika. Kioo hicho huwa na nguvu karibu mara nne ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, lakini hakina ufa mdogo wala kiraka, kwani jeraha likishavuka tabaka iliyobana, kioo kizima huachia kwa mpigo. Hakikatwi, hakitobolewi na hakizibwi baada ya kukazwa, na fundi anayeahidi kuziba ufa wa kioo cha nyuma anaahidi jambo lisilowezekana.

Sehemu dhaifu ni kingo. Kijino kidogo kilichotoka ukingoni wakati wa kufunga kioo kinaweza kukaa miezi mingi bila kuonekana, hadi siku ambayo baridi kali, mtikisiko wa barabara mbovu na joto la difrosta vitakutana hapo.

Kiungo kibovu hufanya nini

Difrosta ya kawaida hutumia umeme wa takriban ampea 15, hivyo kwa volti 13.5 hutoa joto la wati 200 hivi, lililotandazwa kwenye kioo kizima. Umeme huo huingia na kutoka kupitia vibati vidogo vya chuma vilivyobandikwa kwa risasi kando ya kioo. Kibati kikilegea au kikishika kutu, hapo hapo pa kukutania panakuwa na ukinzani, na ukinzani wa moja ya kumi ya omu tu unatosha kutoa karibu wati 20 za joto mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha. Hiyo ni nguvu ya chuma kidogo cha kulehemu kilichowekwa juu ya kioo chenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Sehemu iliyopata moto hutanuka, ile iliyo pembeni yake haitanuki, na kama ukingo wa hapo ulikwisha kujeruhiwa, kioo hakihitaji kitu kingine.

Wasomaji wengi hujifariji kwamba kama kungekuwa na hatari, fyuzi ingekatika, na faraja hiyo haina msingi. Fyuzi hukatika umeme unapozidi, ilhali kiungo kibovu huupunguza umeme, kwa hiyo kinaweza kuungua mpaka plastiki ya plagi ikayeyuka huku fyuzi ikiwa salama mahali pake.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

- Ukungu unaotoweka upande mmoja wa dirisha na kubaki upande mwingine, jambo linaloashiria kipande kizima kisichopata umeme.
- Mstari mmoja au miwili inayobaki na ukungu wakati mingine ni safi. Huo ni mkatiko wa mstari, nao ni kero zaidi kuliko hatari.
- Doa la kahawia au jeusi kuzunguka kibati, au plagi iliyobadilika umbo.
- Harufu ya plastiki inayoungua muda mfupi baada ya kubonyeza swichi.
- Taa ya swichi inayowaka kama kawaida ilhali kioo hakipati joto.
- Kioo chenye uvuguvugu wakati swichi imezimwa. Hapa yaelekea relei, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa, imeng'ang'ania. Betri itakufa, na difrosta itaendelea kuwaka bila kuzimwa na saa yake ya kawaida ya dakika 10 hadi 15.
- Unyevu kwenye dari au nyuma ya kiti. Katika pikapu maji mengi hupenya kupitia mpira wa taa ya juu ya breki, hushuka ndani ya ukuta wa kabini, na kuzifikia plagi za difrosta.

Dalili ya kuungua, ya harufu au ya relei iliyong'ang'ania inatosha kumfanya mwenye gari aache kuitumia difrosta siku hiyo hiyo. Nyingine zinaweza kungoja ukaguzi wa mwisho wa wiki.

Kuzima si kubonyeza swichi tu

Kosa la kudhani kwamba swichi inatosha linastahili sehemu yake, kwa kuwa huwapata hata watu waangalifu. Pikapu nyingi za kisasa zinazowashwa kwa rimoti zimepangwa kuwasha difrosta zenyewe pindi injini inapowashwa kwa mbali na hewa ya nje ikiwa baridi. Mwenye gari aliyeamua kutoigusa swichi anakunywa chai jikoni huku gari likifanya uwanjani lile alilolikataza, na akitoka nje hukuta kioo kiko kwenye kiti cha watoto. Msomaji anapoamua kuipumzisha difrosta, aingie kwenye mipangilio ya hali ya hewa ya skrini ya gari na kuondoa kipengele cha kuwaka chenyewe; ikiwa kipengele hicho hakipo, achomoe fyuzi ya difrosta kwa kufuata mchoro wa kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, baada ya kusoma kitabu cha gari ili ajue kama fyuzi hiyo inahudumia pia vioo vya pembeni.

Ukaguzi usiohitaji vifaa

Ukaguzi huu ufanywe mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla barafu haijaanza.

1. Asubuhi yenye umande, au baada ya kukipumulia kioo kwa ndani mpaka kishike ukungu, difrosta iwashwe huku injini ikiunguruma. Katika dakika chache mistari inayofanya kazi itajichora yenyewe, na ile iliyokufa itabaki imefunikwa.
2. Kurunzi imulikwe kwenye kila pembe, ndani na nje, kutafuta kijino, mkwaruzo mrefu au mahali ambapo fremu ya plastiki imeachana na kioo.
3. Vibati vyote vitazamwe bila kuvutwa. Kuvuta waya ili kuona kama umeshika ndiyo njia ya haraka ya kuung'oa.
4. Kipande cha kati kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa. Kinachokwama, kinachopinda au kinachogonga mwishoni kinasukuma nguvu kwenye kingo, na mara nyingi kosa ni uchafu kwenye reli yake, unaotoka kwa brashi laini na maji ya sabuni.
5. Nyuma ya kabini ikaguliwe kama kuna kitu kinachokaribia kioo: ngazi, mbao, boksi la vifaa lililosogea, au kichwa cha bolti cha fremu ya kinga iliyofungwa vibaya.

Ukaguzi wa testa

Anayejua kushika testa, yaani mita ya kupimia volti, anaweza kwenda mbali zaidi. Ncha za testa zifungwe kwanza kipande kidogo cha foili ya jikoni, kwa sababu ncha tupu ya chuma hukwaruza mstari na kuleta ugonjwa uliokuwa haupo. Injini na difrosta zikiwa zimewashwa, ncha nyeusi iwekwe kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha ncha nyekundu ipelekwe sehemu hizi:

- Kwenye ukanda mpana wa upande unaoingiza umeme. Volti ikaribiane na ya betri. Ikipungua kwa zaidi ya nusu volti, kuna waya, relei au plagi inayokula umeme njiani.
- Kwenye ukanda wa upande wa pili, unaorudisha umeme kwenye bodi. Hapa isomeke karibu na sifuri. Ikisomeka volti moja au zaidi, kiungo cha bodi kimeshika kutu.
- Katikati ya kila mstari. Kwenye kioo cha kipande kimoja isomeke karibu nusu ya volti za betri. Mstari unaosoma volti kamili umekatika mbele, kuelekea upande wa bodi, na unaosoma sifuri umekatika nyuma, kuelekea upande wa umeme. Ncha ikisogezwa polepole, mahali ambapo namba inaruka ghafla ndipo penye mkatiko.

Kwenye dirisha la vipande vitatu nusu hiyo huenda isipatikane, kwa kuwa kila gari lina namna yake ya kuunganisha vipande. Kinachotazamwa ni mistari jirani ya kipande kimoja isomeke sawasawa.

Kifaa kingine chenye faida kubwa kwa bei ndogo ni kipimajoto cha kulenga kwa mwanga. Difrosta ikiwa imewaka dakika tatu, kila kibati kilengwe kisha mistari iliyo karibu nacho. Kibati kinachozidi majirani wake kwa joto kwa kiasi kikubwa kimeshajitaja, hata kama kwa macho kinaonekana kizima.

Kinachotengenezeka na kisichotengenezeka

Mkatiko wa mstari hutengenezwa nyumbani kwa wino wa fedha unaopitisha umeme, unaouzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya vipuri. Mahali pa mkatiko pasafishwe kwa spiriti, utepe ubandikwe juu na chini ya mstari ili kuacha mfereji wa upana ule ule, wino upakwe mara mbili au tatu kwa tabaka nyembamba, kisha gari liachwe mahali pasipo na baridi kwa saa 24 kabla difrosta haijawashwa. Anayeharakisha kwa kuwasha mapema hupata malengelenge, na kazi huanza upya.

Kibati kilichong'oka ni habari nyingine. Gundi ya kawaida, hata iwe kali kiasi gani, haipitishi umeme na haitakiwi hapo. Gundi maalumu ya fedha ya mchanganyiko wa vitu viwili hufaa pale ambapo kioo hakina doa la kuungua. Kurudisha kibati kwa risasi ni kazi ya fundi aliyezoea, kwa kuwa chuma cha moto kikikaa sekunde chache za ziada juu ya kioo chenye baridi, kioo kitapasuka mezani kwake badala ya barabarani. Ikiwa pembe ya kibati imeungua au kioo kina kijino karibu nayo, hakuna cha kutengeneza, na fedha ya matengenezo ni afadhali iwekwe kwenye bei ya kioo kipya.

Makosa yanayorudiwa

- Kumimina maji ya moto, au hata ya uvuguvugu, juu ya barafu.
- Kuongeza ukubwa wa fyuzi baada ya ile ya zamani kukatika mara mbili. Fyuzi inayokatika inaonyesha waya uliochubuka na kugusa bodi. Ile kubwa huuachia waya huo kazi ya kuungua.
- Kukwangua barafu au stika kwa ndani kwa wembe.
- Kusugua kioo kwa ndani kutoka juu kwenda chini. Kitambaa laini kiende kulia na kushoto, kikifuata mistari.
- Kuwasha difrosta kipande cha kati kikiwa wazi. Baadhi ya magari huzuia jambo hilo yenyewe. Yasiyozuia huacha viungo vigusane nusunusu.
- Kuegemeza mizigo, koleo au kiti cha mtoto kilichokunjwa kwenye kioo kwa ndani.

Pingamizi mbili

Wapo wanaosema kwamba pikapu yao ina kamera, hivyo kioo cha nyuma kikiwa na barafu si neno. Ni kweli kwamba Marekani imeyataka magari yote mapya mepesi, pikapu zikiwemo, yawe na kamera ya kurudi nyuma tangu Mei 2018, lakini kamera hiyo imekusudiwa kwa kurudi nyuma, na kwenye barabara kuu dereva hutegemea vioo. Zaidi ya hayo, kamera nayo hushika chumvi na theluji.

Wengine huona ni heri wasiiwashe difrosta maisha yote. Huo ni woga uliopita kiasi. Difrosta yenye viungo safi kwenye kioo kisicho na jeraha hufanya kazi miaka mingi, na anayeogopa baridi kali anaweza kuanza na kipasha-joto cha kabini kwa dakika kadhaa, kioo kikapata uvuguvugu polepole, ndipo abonyeze swichi.

Kioo kikishapasuka

Mambo haya yafuatwe kwa mpangilio, kwa sababu utaratibu wa kwanza ambao wengi huufuata, yaani kufagia, hufuta ushahidi.

1. Difrosta na injini zizimwe. Ikiwa gari liko barabarani, lisimamishwe taratibu pembeni. Punje nyingi huanguka wakati wa breki ya ghafla.
2. Picha zipigwe kabla ya kugusa chochote: dirisha zima, kila pembe, vibati na plagi kwa karibu, na sehemu ya mizigo kwa nyuma. Mara nyingi kioo hubaki kimening'inia kwa muda, na mistari ya ufa huelekea mahali ilipoanzia. Picha ya wakati huo ina thamani kuliko maelezo yote ya baadaye.
3. Plagi zenye alama za kuungua na vipande vya kioo vilivyobaki na vibati vihifadhiwe kwenye mfuko, pamoja na tarehe, hali ya hewa na muda ambao difrosta ilikuwa imewaka.
4. Miwani ya kinga na glavu zivaliwe. Punje kubwa hazikati sana, ila vumbi lake ni hatari kwa macho.
5. Mashine ya kunyonya taka ya karakana itumike, kwani ya sebuleni huchanika mfuko. Matundu ya mikanda ya usalama na mifereji ya viti vipitiwe mara mbili, na kiti cha mtoto kitolewe nje na kukaguliwa kamba kwa kamba.
6. Uwazi ufunikwe kwa plastiki nene, utepe ukibandikwa kwenye rangi safi na kavu, na gari lisiendeshwe mbali: dirisha la nyuma likiwa wazi moshi wa ekzosi huweza kuvutwa ndani.

Nani alipe

Dhamana ya msingi ya pikapu mpya Marekani kwa kampuni nyingi ni miaka 3 au maili 36,000, kipi kitangulie. Mikataba hiyo kwa kawaida huondoa kioo kilichovunjwa na kitu cha nje, hivyo jibu la kwanza la karakana ya wakala huwa kwamba lazima kuna kitu kilikipiga. Mwenye picha za plagi iliyoungua ana la kusema, aliyefagia hana. Aombe uamuzi wa kukataliwa uandikwe, kwani maneno ya kaunta hayapelekwi popote.

Namba ya chasi ya tarakimu na herufi 17 iingizwe kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabara ya Marekani, ili kujua kama gari limeitwa kurekebishwa na mtengenezaji. Kwa walio Kanada kazi hiyo iko kwa Transport Canada. Tofauti kati ya mambo mawili ieleweke. Kasoro iliyo kwenye wito rasmi wa usalama hutengenezwa bure, Marekani kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza. Waraka wa kiufundi kwa mafundi, kwa upande mwingine, huwafahamisha tu kwamba tatizo linajulikana na namna ya kulitengeneza, na haumlazimishi mtu kulipa, ingawa kuutaja kwa namba yake hubadilisha mazungumzo kwenye kaunta. Hata pasipo wito, malalamiko yaandikishwe kwa mamlaka hizo, kwa kuwa uchunguzi huanzia kwenye malalamiko yanayofanana.

Bima kubwa kwa kawaida hulipa kioo kilichopasuka bila mgongano, baada ya kukata kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe. Kiasi hicho kilinganishwe kwanza na bei ya kioo. Nafuu zinazotangazwa kwa ajili ya kioo cha mbele zisidhaniwe kuwa zinakihusu cha nyuma; mkataba usomwe.

Kabla ya kulipa karakana ya vioo

Kioo mbadala kilingane na cha zamani kwa difrosta, rangi, aina ya plagi na namna ya kufunguka. Fundi aulizwe gundi aliyotumia inahitaji saa ngapi kukauka katika baridi ya siku hiyo, maana baridi huichelewesha. Na kwa siku ya kwanza dirisha moja liachwe wazi kidogo, ili hewa inayobanwa mlango unapofungwa isikisukume kioo kibichi. Ukingo wa chuma unaopokea kioo ukikutwa na kutu, usafishwe na kupakwa rangi kabla ya gundi. Mwisho, difrosta iwashwe na kukaguliwa kwa njia ya ukungu mbele ya fundi, na pembe zimulikwe, kwani kijino kilichotokea siku ya kufungwa hakitakubaliwa na mtu wiki ijayo.

Kwa walioko Afrika Mashariki

Huko, pikapu za dabokabini zenye difrosta hukutana na ukungu zaidi kuliko barafu, ingawa Makete, Njombe na Nyandarua zina asubuhi za sakitu. Hatari ya kiungo kinachoungua ipo, lakini vioo vingi vya nyuma huvunjwa na mizigo isiyofungwa, na difrosta nyingi huuawa wakati wa kubandua tinti ya zamani kwa wembe. Tinti ya kioo chenye mistari ibanduliwe kwa mvuke au kwa joto la wastani la mashine ya kukaushia nywele, ikivutwa polepole kufuata mistari kuanzia pembeni, na gundi inayobaki ilainishwe kwa maji ya sabuni mpaka itoke kwa kitambaa. Fundi anayeanza kazi hiyo kwa kutafuta wembe asimamishwe kabla hajagusa kioo.